Mutalaa Kwanza, Baraza Baadaye

Mtoto wa kaka yangu anasomea ukunga. Likizo iliyopita alikuja nyumbani Kiwengwa kwa gari ya jioni, akaniamkia, akaweka mkoba wake ukumbini, na kabla hajanywa maji akatafuta mahali pa kuchajia simu. Sikumsema. Mimi mwenyewe ni mkunga na mwalimu wa wakunga, na ninajua kuwa simu ya mwanafunzi wa siku hizi si pambo. Ndani yake mna ratiba ya zamu, matangazo ya chuo, habari za mkopo, vitabu ambavyo hana uwezo wa kuvinunua, na wenzake wote wanaosoma anachokisoma yeye. Ila usiku ule, tulipokuwa tumekaa barazani baada ya sala ya isha, alinisimulia jambo lililomfika wodini, na jambo hilo ndilo lililonitia kuandika makala haya. Amenipa ruhusa nilieleze, kwa sharti kuwa nisitaje jina lake wala la hospitali.

Wodini alikuwapo mama mmoja kijana, uzazi wa kwanza, aliyepatwa na kifafa cha mimba saa chache baada ya kujifungua. Mkunga wa zamu alikwisha kumpa dozi ya mwanzo ya magnesiamu salfeti, na mama alikuwa ametulia. Saa nne zilipokaribia kutimia, mkunga akaiweka sindano kwenye trei, akamgeukia mwanafunzi wake, akamwuliza: “Mwanangu, kabla hatujamchoma tena huyu mama, unatazama nini?”

Binti alinyamaza. Kisha akajibu kile kilichomjia: “Gramu moja kila saa, sista, msulini.”

Mkunga hakumgombeza. Alimwambia asogee karibu, akamwonesha mwenyewe: akahesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika nzima, akaligonga goti lake, akatazama mfuko wa mkojo. Dozi ikatolewa, mama akapata nafuu, na baada ya siku chache akaenda zake nyumbani na mwanawe. Hakuna aliyedhurika. Lakini binti hakupata usingizi siku ile, kwa kuwa swali aliloulizwa halikuwa geni kwake. Lilikuwa limejadiliwa kwa kirefu usiku uliotangulia katika kundi la WhatsApp la darasa lao. Naye alikuwamo, na mjadala ulipokwisha aliandika neno moja: “Nimeelewa.”

Nilimwomba anioneshe mjadala wenyewe, tukausoma pamoja pale pale barazani. Nilitarajia kukuta upotoshaji, nisiukute. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika utaratibu wa sindano za msuli: gramu 4 mshipani polepole na gramu 10 msulini, tano kila upande wa makalio, kisha gramu 5 msulini kila baada ya saa 4. Mwingine alileta picha ya ukurasa wa kitabu wenye utaratibu wa dripu: gramu 4 mshipani, kisha gramu 1 kila saa, mshipani vilevile. Taratibu zote mbili ni sahihi na zote hutumika. Na ukurasa ule ulikuwa na masharti ya usalama: dozi inayofuata haitolewi ikiwa pumzi zimeshuka chini ya 16 kwa dakika, au goti haliitikii likigongwa, au mkojo umepungua chini ya mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita, na kalsiamu glukoneti iwe karibu, kwa sababu ndiyo inayozuia madhara ya dawa hiyo inapozidi mwilini. Yote yalikuwamo. Kichwani mwa binti vilibaki vipande viwili, kimoja cha utaratibu huu na kimoja cha ule, vikaungana na kuwa utaratibu wa tatu ambao haumo katika kitabu chochote.

Kwa msomaji asiye wa fani yetu, inafaa kueleza uzito wa jambo hili. Magnesiamu salfeti imeokoa kina mama wengi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionesha kuwa dawa hiyo inapunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupata kifafa kwa mama mwenye dalili za awali za maradhi hayo. Lakini ni dawa hiyo hiyo ambayo ikizidi hulegeza misuli, na mwisho huweza kuzuia pumzi. Goti lisiloitikia ndilo linalotangulia kutoa taarifa. Mkunga asiyejua kwa nini analigonga goti ana hatari kuliko mkunga asiyekuwa na dawa kabatini, maana wa pili atampa mgonjwa rufaa.

Jirani mmoja, mtu mzima, aliyekuwa amekaa nasi akitusikiliza, alitoa hukumu ya haraka: mnyang'anyeni simu. Ndiyo hukumu ya wazazi wengi, na ya walimu wengi pia. Mimi siikubali.

Binti huyu amekulia Kiwengwa, kijiji cha pwani ya kaskazini-mashariki ya Unguja ambacho kwa miaka mingi sasa kimepakana na mahoteli ya watalii, Waitaliano wakiwa wengi miongoni mwao. Hapa kwetu utamkuta kijana asiyemaliza skuli akizungumza Kiitaliano bila kigugumizi, kwa sababu amekitumia ufukweni kila siku kupata riziki yake. Kiingereza ni habari nyingine. Hicho ndicho kilichoandikiwa vitabu vyetu vya tiba na ndicho kinachotumika katika mihadhara na mitihani, lakini mtoto wa huku hukutana nacho darasani tu. Akitoka kwenye mhadhara akiwa na dhana ambayo ameisikia lakini haijamwingia, ni nani atakayemweleza kwa Kiswahili? Mhadhiri ameshaondoka, na kitabu hakijui Kiswahili. Kilichobaki ni kundi.

Katika simu yake nilisikiliza ujumbe wa sauti wa kijana mmoja aliyekuwa akiwaeleza wenzake kwa nini mgonjwa wa moyo huvimba miguu. Moyo ukishindwa kuisukuma damu mbele, alisema, damu hurudi nyuma kama maji ya mtaro ulioziba, na mtaro ukifurika maji hutafuta pa kuvujia, yakateremka na kukaa miguuni. Nimelifundisha somo hilo kwa miaka, na sidhani kuwa nimewahi kulieleza vizuri namna ile. Huwezi kumwondoa mwanafunzi mahali kama hapo ukadai unamtakia mema. Tena tusisahau kwamba vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, hadi vikafunguliwa tena mwezi Juni, ni makundi haya yaliyowaweka pamoja wanafunzi waliotawanyika majumbani kwao, na sisi walimu tulikuwa miongoni mwa waliobisha hodi humo.

Wala sina haki ya kudai kuwa kizazi chetu kilikuwa bora. Umeme utokao Bara ulipokatika Desemba 2009, Unguja nzima ilikaa gizani hadi Machi 2010. Nilikuwa mwanafunzi. Tulikuwa tukikusanyika watu wanne au watano kwenye taa moja ya mafuta, kitabu kikiwa kimoja, na simu zetu tukizipeleka kwenye duka lenye jenereta tukalipa ili zichajiwe. Tulisoma, ndiyo. Pia tulisengenya, tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta, na baadhi yetu tulilala juu ya madaftari. Ningepewa wakati ule moja tu ya mafaili ya vitabu yaliyomo katika simu ya binti huyu, ningelia kwa furaha. Lakini ufukara wa kitabu kimoja ulitulazimisha kufanya jambo ambalo faida yake nimekuja kuifahamu baadaye. Mmoja alikuwa na kitabu mkononi, wengine hatukuwa nacho. Akiuliza swali, tulilazimika kujibu kutoka kichwani, tukakosea mbele ya wenzetu, tukabishana, ndipo akasoma kilichoandikwa. Katika kundi la simu kila mtu ana kitabu mbele ya macho, na jibu humfikia mtu kabla swali halijamsumbua.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha tatizo. Tumezoea kulitazama kama mgogoro wa masomo na upuuzi: mwanafunzi mwema anasoma, mwanafunzi mvivu yumo kwenye simu. Laiti ingekuwa hivyo, kazi yetu ingekuwa nyepesi. Binti yule hakuwa akitazama vichekesho. Alikuwa akisoma, kwa muda wa saa mbili na nusu, somo lenyewe hasa, pamoja na wenzake. Saa zile zote amezihesabu moyoni mwake kuwa ni saa za kusoma, na katika daftari la nafsi yake amejiandikia kuwa mada imekwisha. Upuuzi una heri, kwa sababu mtu akipoteza usiku mzima kwa vichekesho hujua asubuhi kuwa hakusoma.

Wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo linalofanana na hili na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006. Waliwapa wanafunzi matini fupi ya kusoma. Baadhi waliisoma katika vipindi 4 mfululizo. Wengine waliisoma katika kipindi 1 tu, kisha wakaiweka kando na mara 3 wakajaribu kuandika yote waliyoyakumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma vipindi vinne walikuwa mbele: walikumbuka asilimia 83, na waliojijaribu asilimia 71. Baada ya wiki 1 mambo yalipinduka. Waliosoma tena na tena walibaki na asilimia 40, na waliojijaribu walibaki na 61. Na hili ndilo lililonigusa zaidi: walipoulizwa mwanzoni watakumbuka kwa kiasi gani, wenye kujiamini zaidi walikuwa wale waliosoma tena na tena.

Kwa hiyo “nimeelewa” ya binti wetu haikuwa uongo. Ilikuwa kweli kwa dakika zile tano. Kulipokucha, mbele ya mama mwenye sindano ya pili inayomngoja, haikuwa kweli tena, na hakuwa na njia ya kulijua hilo kabla ya kuulizwa.

Sisi watu wa visiwani tunayo maneno matatu ambayo yanafaa kurejeshwa katika mazungumzo haya. Darsa ni pale mwalimu anapofundisha na watu wamemzunguka. Baraza ni pale watu wanapokaa mbele ya nyumba jioni, wakazungumza ya maana na yasiyo na maana, bila mwalimu wala mpangilio. Na mutalaa ni mtu kukaa peke yake na kitabu chake, akakisoma kwa makini na kukipima. Babu yangu alikuwa akihudhuria darsa msikitini baada ya magharibi. Alasiri nzima kabla ya hapo alikuwa akikaa na kitabu, midomo ikitikisika, asitake kusemeshwa na mtu. Siku moja nilimwuliza kwa nini ajitaabishe na hali sheikh atakuja kumsomea kitabu kile kile. Akanijibu kuwa asipokisoma mwenyewe, hatajua asichokijua, na akifika darsani atauliza nini?

Kundi la simu limeyachanganya yote matatu. Lina mafunzo kama ya darsa na soga kama la baraza, na mwanafunzi huliingia katika saa ambazo zilikuwa za mutalaa. Watu huniuliza mwanafunzi akae humo saa ngapi kwa siku. Mimi sioni faida ya kutaja idadi ya saa. Mwanafunzi anayeingia kundini kwa nusu saa, akabeba majibu ya watu na kutoka, amepoteza zaidi kuliko aliyekaa saa nzima akiwa na swali lake mwenyewe. Kinachohitaji kutengenezwa kwanza ni mpangilio wa nini kinatangulia nini. Aanze na karatasi tupu. Aandike kwa kalamu yote anayoyajua kuhusu mada, kitabu kikiwa kimefungwa na simu ikiwa mbali, hata kama ni mistari mitatu na miwili kati yake ina makosa. Kisha afungue kitabu ajisahihishe. Kitakachobaki hakijaeleweka ndicho akipeleke kwa wenzake, kwa Kiswahili chake cha kawaida. Huyo ataingia kundini akiwa na haja, na mwenye haja akishaipata huondoka. Anayeingia kutazama tu kuna nini, hana wakati wa kutoka.

Nimesema simu iwe mbali, na si maneno ya kiutu uzima. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida nchini Marekani walionesha kuwa mlio au mtikisiko wa taarifa ya simu peke yake, mtu akiwa hata hakuigusa simu yake, unatosha kumharibia kazi inayotaka makini. Kuiweka simu kifudifudi mezani basi hakutoshi. Binti wetu tulikubaliana aiweke jikoni, juu ya kabati la vyombo. Siku ya kwanza alikwenda jikoni mara sita kwa kisingizio cha kunywa maji.

Kina mama wa pwani yetu ya mashariki wanaolima mwani hawaendi baharini kila wanapotaka. Hungoja bamvua, maji yanapokupwa yakafika mbali, wakashuka na kamba zao, wakafunga, wakavuna, na wakatoka kabla maji hayajarudi. Maji mafu yakiingia hukaa nyumbani kwa shughuli nyingine. Sijapata kumwona hata mmoja akikaa majini usiku na mchana kwa hofu kwamba mwani utaota na yeye hayupo. Nilimwambia binti maneno haya, akacheka, akasema lakini shangazi, mwani hauandiki ujumbe. Kweli. Lakini ujumbe nao hauendi popote. Uliotumwa alasiri utasomwa baada ya isha, na swali lililoulizwa saa saba usiku litakuwa pale pale asubuhi.

Kuhusu saa hizo za usiku, lawama isimwangukie mwanafunzi peke yake. Intaneti yake ni ya kununua. Kampuni za simu huuza vifurushi vya usiku wa manane kwa bei nafuu kuliko vya mchana, na mtoto wa mkulima au wa mvuvi akipiga hesabu yake huona kuwa kupakua kitabu saa nane usiku ni kuokoa fedha ya nauli. Akishaingia kupakua, mjadala humkuta humo, na humo alfajiri humkuta. Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi, na usingizi si mapumziko ya macho tu: ni wakati ambao ubongo hupanga na kukaza yale uliyojifunza mchana. Mwanafunzi anayesoma usiku kucha ili akumbuke anauondoa mkono unaomshikia kumbukumbu hizo, kisha saa moja asubuhi anaingia zamu na kushika sindano.

Vyuo na hospitali zetu zina jambo la kufanya hapa, na si kubwa. Chumba kimoja chenye intaneti ya bure mchana, kitakachobaki wazi hadi saa mbili za usiku, kingewapeleka wanafunzi wengi kitandani mapema kuliko hotuba yoyote ya nidhamu. Mpango wa HINARI, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, umefungua majarida na vitabu vya tiba kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo, na bado nakutana na wanafunzi ambao hawajapata kulisikia jina lake. Nao wanafunzi wanaosimamia makundi wanao uwezo, kwenye simu zao hizo hizo, wa kulifunga kundi ili wasimamizi peke yao ndio waandike. Wakilifunga saa nne usiku na kulifungua baada ya alfajiri, hakuna atakayehisi kuwa yeye ndiye aliyeachwa nyuma na mjadala. Sisi walimu nasi tuache kutuma matangazo ya lazima usiku wa manane. Ninakiri kuwa nimefanya hivyo.

Wauguzi na matabibu wenzangu mliokwisha kuhitimu, msidhani kuwa haya hayawahusu. Wengi wetu tunajiendeleza huku tukiwa kazini, na kila kada ina makundi yake. Mgonjwa aliyelala kitandani anayemwona muuguzi akitazama simu hana njia ya kujua kama anahakiki dozi au anacheka na wenzake. Mwambieni. “Mama, nahakikisha kiwango cha dawa yako” ni maneno machache, na huondoa wasiwasi mwingi. Nawe mgonjwa, au uliyekuja kumuuguza ndugu yako, unayo haki ya kuuliza kwa upole: ni dawa gani hii, na mtatazama nini baada ya kunipa? Mhudumu anayejua kazi yake hatachukia. Na liko jambo moja ambalo kwangu halina mjadala: picha ya mgonjwa, ya kidonda chake au ya faili lake, haiingii kundini ili watu wakisie maradhi, hata kama uso umefichwa. Hospitalini mna daktari wa zamu. Aitwe.

Visiwa hivi vimeshaona simu ikifanya kazi kubwa ya afya. Mnamo mwaka 2009 na 2010 ulifanyika hapa Unguja utafiti uliohusisha wajawazito 2,550 katika vituo 24 vya afya. Waliohudhuria baadhi ya vituo hivyo walipokea ujumbe mfupi wa kuwakumbusha na kuwaelimisha, pamoja na vocha ya kuwawezesha kumpigia mhudumu wa afya. Wengine walipata huduma ya kawaida. Katika wale wa simu, asilimia 60 walijifungua mikononi mwa mtaalamu; katika wengine, asilimia 47. Ilikuwa simu ya vibonye, haina picha wala makundi. Ilijulikana inatumwa nini, kwa nani na wakati gani. Ni haki pia kusema kuwa faida ile ilionekana hasa kwa wanawake wa mjini. Kwa wa mashamba, kama hapa kwetu, njia ya kufika hospitali na mkunga wa kukupokea vilikuwa bado ni mambo mazito kuliko ujumbe. Ndiyo maana nataka huyu mkunga mmoja anayetoka Kiwengwa afike wodini akiwa anajua anachokijua.

Zile siku kumi za likizo hazikuwa za ajabu. Siku ya kwanza ya karatasi tupu aliandika mistari minne kuhusu kifafa cha mimba, akaikunja karatasi kwa hasira na kusema kuwa hajui kitu. Nilimwambia kuwa amepata habari ambayo kundi halikuweza kumpa. Siku ya tatu karatasi ilijaa upande mmoja. Siku ya sita alinieleza, akiwa anakuna nazi, kwa nini goti hulegea kabla ya pumzi, na nikajikuta namwuliza maswali ambayo huwauliza wale wa mwaka wa mwisho.

Usiku wa mwisho kabla hajarudi chuoni aliichukua simu kutoka juu ya kabati, akarekodi ujumbe wa sauti na kuutuma kundini. Alieleza habari ya mgonjwa wake bila kutaja jina wala mahali, kisha akauliza: kabla ya dozi ya pili mnatazama nini, na kwa nini? Atakayejibu ajibu bila kufungua kitabu, na mimi sitatoa jibu hadi asubuhi. Kwa karibu saa nzima kundi lilikaa kimya, jambo ambalo alisema hajapata kuliona. Kisha yakaja majibu kumi na moja. Mawili yalikuwa kamili. Mmoja wa wenzake alimwandikia kuwa amekuwa na roho mbaya tangu aende shamba. Yeye akaizima simu, akairudisha jikoni na kwenda kulala.

Asubuhi aliondoka na gari ya kwanza. Nilimpigia yule mkunga wa wodini, ambaye mimi na yeye tulisoma kwenye taa moja ule mwaka wa giza, nikamwomba akimwona binti amwulize tena swali lile lile. Akaniambia kuwa hana haja ya kuombwa.